Picha ya Wamalwa Iko Njiani

Je, umewahi kumfunikia mtu sahani? Si kumpakulia mtu aliyeketi mbele yako, hiyo kila mmoja anaijua. Ni kumpakulia ambaye hayupo: ukachagua kipande cha kuku kilicho na nyama, ukamwaga mchuzi pembeni ugali usilowe, ukafunika na sahani nyingine iliyopinduliwa, ukaiweka kando ya jiko, kisha ukaanza kusikiliza geti.

Selpha alikuwa amefanya hivyo tangu watoto wake wapate akili ya kutoka nyumbani. Watu wa Noonkopir, hapa Kitengela, walimwita Mama Wamalwa, kwa jina la kifungua mimba wake, na wengi hawakujua kama ana jina lingine. Alikuwa mpishi wa shule moja ya bweni upande wa Kajiado, mpishi wa zile sufuria ambazo mwiko wake ni mrefu kama mpini wa jembe, na mwaka huo wa 2006 alikuwa anastaafu. Shuleni hakuwahi kupika chakula kikapungua wala kikabaki. Nyumbani kilibaki kila wikendi. Asubuhi sahani ilifunuliwa, ugali umekauka kingo, mafuta yameganda meupe juu ya mchuzi, naye hakusema kitu. Alikipasha moto akakila mwenyewe na chai.

Aliyekuwa anasema ni Lorine, binti yake wa pili, na Lorine akianza hakuna wa kumnyamazisha.

"Mama, kwani Wamalwa alikuambia anakuja?"

"Alisema yuko njiani."

"Njiani ya wapi? Kutoka Kajiado mpaka hapa mtu anaweza kuwa njiani tangu jana?"

"Labda alipata shughuli."

"Si angepiga simu aseme amepata shughuli!"

"Wacha tu, Lorine. Kula wewe."

Lorine alikula, akikata matonge kwa hasira.

Sasa, huyu Lorine alikuwa na saiba, duka la kulipia mtandao. Ilikuwa chumba kimoja cha mabati ya kijani, kati ya kinyozi na duka la chakula cha kuku, na unga wa lile duka uliingia kila siku ukakaa juu ya kompyuta kama poda. Kompyuta zilikuwa tano, ingawa moja ilikuwa imekufa na aliiacha pale ili chumba kionekane kimejaa. Laini ya mtandao ilikuwa nyembamba. Wateja wote wakiivuta kwa pamoja ilikuwa kama ng'ombe wa kijiji kizima kwenye birika moja wakati wa kiangazi: wenye nguvu wanakunywa, wengine wanalamba tope.

Mama alipotangaza kwamba kanisa litamfanyia maombi ya shukrani Jumapili ya kwanza ya Desemba, Lorine alipata wazo. Angemtengenezea Mama ukurasa kwenye mtandao. Ukurasa mmoja tu, wenye jina la Mama juu, na chini yake picha za watoto wake watatu, kila mmoja na salamu zake. Shirleen, kitinda mimba, alikuwa muuguzi Uingereza na hakuwa amerudi tangu mazishi ya baba yao. Siku ile ya mazishi ndiyo ilikuwa ya mwisho kwa hao watatu kusimama mahali pamoja mbele ya mama yao, na nani huangalia watoto wake vizuri siku kama hiyo? Lorine alitaka Mama awaone tena wote, bega kwa bega, hata kama ni kwa kioo cha kompyuta. Hilo alilitaka kuliko alivyoweza kueleza. Alijua Mama hataliomba, kwa sababu Mama haombi kitu.

Akawaambia ndugu zake walete picha. Shirleen hakuchelewa. Aliiweka yake kwenye albamu moja ya bure huko mtandaoni, akatuma anwani. Wamalwa ilibidi apigiwe simu.

"Wamalwa, nimekuomba picha moja. Moja! Hata ya kitambulisho."

"Lorine, punguza presha. Yangu iko tayari. Nimeiweka kwa website ya chuo. Nitakutumia anwani, uiandike hapo kwako, picha itajileta yenyewe."

Wamalwa alikuwa karani katika chuo kimoja cha ufundi Kajiado mjini, na vile alivyolitamka hilo neno website ungefikiri aliijenga kwa mawe.

Lakini alilosema linawezekana. Ukurasa wa mtandao si lazima uwe na picha zake ndani. Unaweza kubeba anwani tu. Mtu akiufungua, kivinjari, yaani ile programu ya kufungulia kurasa, kinaenda kwenye kila anwani kuomba picha, kama mtoto aliyetumwa kwa majirani: nyumba hii chumvi, nyumba ile kiberiti. Picha ya Lorine ingetoka kwake mwenyewe, ya Shirleen kwenye ile albamu, ya Wamalwa chuoni Kajiado.

Na hapa ndipo Lorine alipojitafutia taabu. Hakutaka Mama aone picha zikiingia moja moja, huyu yupo, yule bado. Akaandika maagizo: kila picha ikifika, ibishe hodi na ihesabiwe. Zote zikishabisha, pazia lifunguliwe. Kabla ya hapo kioo kizima kionyeshe maneno mawili tu: Subiri. Tunangojana.

Hakuna aliyemfunza kufanya hivyo. Ndivyo alivyolelewa. Marehemu baba yao hakuombea chakula mpaka kila mtoto awe ameketi, hata uji ugande. Kamati zote za harusi na matanga alizowahi kukalia Lorine hazikufungua kikao mpaka wote wafike, chai ikapoa, watoto wakalala kwa mapaja, na aliyethubutu kusema "tuanze na walioko" alitazamwa kama amekanyaga kaburi. Basi Lorine akaufunza ukurasa wake adabu hiyo hiyo.

Siku ya kwanza alijaribu na picha mbili, yake na ya Shirleen, kwa sababu Wamalwa hakuwa ametuma hata hiyo anwani. Maneno yakakaa kidogo, Subiri, Tunangojana, kisha pazia likafunguka na Shirleen akatokea na sare yake nyeupe, theluji nyuma yake. Lorine alipiga makofi peke yake.

Kesho yake akafungua ukurasa ule ule. Subiri. Tunangojana. Akangoja. Akahudumia mteja, akarudi. Tunangojana. Akafuta vumbi la chakula cha kuku kwenye kibodi zote. Tunangojana.

"Jana ulifunguka," akauambia ukurasa kwa sauti. "Leo unangojana na nani?"

"Madam Lorine," akasema Muthama kutoka kompyuta ya pembeni, "hiyo mashine iko na mkutano?"

Muthama alikuwa dalali wa ploti, mtu wa shati la mikono mirefu, mteja wa kila siku. Alikuja kutafuta wanunuzi kwa barua pepe na alikuwa na maoni juu ya kila kitu.

"Muthama, andika barua zako."

"Mimi naandika. Lakini mkutano wa watu wawili haukosi kuanza. Mnamkosa nani?"

Lorine akatoka nje, akampigia Ondiek, mwalimu aliyemfunza mambo ya kurasa katika masomo ya jioni. Ondiek alikuwa mtu mpole, ila upole wake ulikuwa umechoka kidogo.

"Nisomee vile umeandika," akasema. Lorine akasoma mstari kwa mstari, lori zikimpigia honi barabarani. "Simama hapo. Umeiita picha kwanza, halafu ndio ukaweka mtu wa kusikiliza hodi?"

"Ndio. Kwani iko makosa?"

"Jana picha ilitoka mbali. Ilichukua muda, mtu wako akapata nafasi ya kukaa mlangoni. Leo kompyuta yako imeiweka akiba tangu jana. Ukiita tu, tayari iko ndani. Imebisha hodi na hakuna mtu. Weka mtu mlangoni kwanza, ndio uite."

Kumbe ni mistari miwili! Wa juu ukashuka, wa chini ukapanda, na ukurasa ukafunguka kila mara ulipoombwa. Siku nzima ilikuwa imeenda kwa hiyo. Lorine hakujua afurahi ama alie.

Jioni hiyo anwani ya Wamalwa ikaingia kwa simu, ndefu, yenye vistari na vidoti. Lorine aliiandika herufi kwa herufi, akaisoma tena kutoka nyuma kwenda mbele kama mweka hazina wa harusi anavyokagua hesabu, akafungua.

Subiri. Tunangojana.

Akalaumu laini. Akawangoja wateja wapungue. Tunangojana. Akalaumu mvua, kwa maana mvua ya Kitengela ikinyesha hata redio inakohoa. Mvua ikakatika. Tunangojana. Akazima kompyuta, akaiwasha, akaipuliza nyuma kwa mdomo, na unga wa chakula cha kuku ukamrudia machoni.

"Haki ya Mungu!" akasema.

"Sopa, Madam," Muthama akamsalimia akiingia, kwa Kimaasai chake cha kuuzia ploti. "Bado mkutano?"

"Bado."

"Ajenda ya kwanza haijapita?"

"Muthama, nitakufukuza."

Mwishowe Lorine akaliondoa lile pazia kabisa, aone kilichokuwa nyuma yake. Akajiona mwenyewe. Akamwona Shirleen na theluji yake. Na mahali pa Wamalwa palikuwa na kisanduku cheupe, kitupu, na kialama kidogo chekundu cha X kwenye pembe. Akaiandika anwani ya Wamalwa peke yake, pale juu, akabonyeza. Jibu likaja mara moja, bila aibu: kitu hicho hakipo.

Akampigia.

"Wamalwa, picha yako haiko."

"Iko! Mimi hapa naiona."

"Unaiona na macho?"

"Naiona kabisa. Labda ni netwaki ya Kitengela. Hebu refresh."

Lorine aka-refresh, yaani akauagiza ukurasa uanze upya. Aka-refresh mpaka kile kibonye kikaanza kulia kama mlango usio na mafuta. Kesho yake Wamalwa alisema atamwona mtu wa kompyuta. Kesho kutwa alisema ako kwa mkutano. Siku iliyofuata alisema, "Leo jioni, dada yangu, chukulia iko," na sauti yake ilikuwa tamu sana, ile tamu ya mtu anayetaka simu iishe.

Ijumaa, maombi yakiwa keshokutwa, Lorine akampigia Ondiek tena. Alimweleza yote kwa pumzi moja, Ondiek akamwacha amalize.

"Lorine. Picha ikifika, umeiambia ifanye nini?"

"Ibishe hodi."

"Na ikishindwa kufika?"

"Mwalimu, si ikishindwa nitajua tu."

"Utajuaje?"

"Itakosa kufika."

"Hiyo ni kungoja. Kungoja si kujua. Kivinjari chako kilijua tangu siku ya kwanza. Kilienda Kajiado, kikaambiwa hakuna picha kama hiyo, kikarudi. Kimesimama hapo na jibu mkononi wiki nzima, na wewe hujakiuliza. Kuna neno la ikifika, onload. Kuna neno la ikishindwa, onerror. Niliwafunza yote mawili siku moja, kwa ubao mmoja. Wewe ukaandika moja."

"Nilifikiri hilo lingine ni la watu wa makosa."

"Ni la kila mtu," akasema Ondiek, na kwa mara ya kwanza akacheka. "Hesabu waliofika, na hesabu walioleta habari kwamba wameshindwa. Ikitimia, fungua pazia. Usingoje mtu ambaye jibu lake liko tayari."

Lorine akaandika. Neno moja na maagizo yake, basi. Pazia likafunguka kabla hajaondoa kidole kwenye kibonye. Alikaa pale akiangalia, na hasira aliyokuwa nayo ingemtosha mtu wa pili. Wiki nzima!

Lakini kisanduku cha Wamalwa kilikuwa bado kitupu, na sasa ilikuwa juu yake kuchagua maneno ya kukiweka. Akaandika: Picha haipo. Akayafuta. Akina mama wa kanisa wangekuja kuona, na huyo ndiye Wamalwa wa Mama Wamalwa. Akaandika: Wamalwa hakuleta. Akayafuta haraka zaidi. Kwao hakuna mtu aliyewahi kusema fulani haji. Hata baba yao alipokuwa hospitalini, siku ile daktari alipowaita kando, wageni waliambiwa anaendelea vizuri. Basi vidole vyake vikaandika maneno ambayo vilikuwa vimeyasikia maisha yote: Wamalwa yuko njiani.

Aliyasoma. Akataka kuukata mkono wake mwenyewe. Akayaacha.

Jumapili, baada ya ibada, wakaja. Mama alikuja na gauni lake la maua ya samawati na kitambaa kipya cha kichwa, amebeba kikapu, kwa maana hangeweza kuwaita watu mahali bila kuwalisha, hata kama mahali hapo ni saiba. Alikuja na Mama Phylis, jirani yake Mkamba mwenye sauti ya kuitia mtu ng'ambo ya bonde, na akina mama wengine wa kanisa waliojipanga ukutani wakishika mikoba yao kwa mikono miwili. Muthama alikuwa pale pia. Hakualikwa. Alisema anamalizia barua.

Kikapuni mlikuwa na chapati, kuku na ndengu. Mama akapakulia kila mtu. Sahani moja akaifunika na nyingine, akaiweka juu ya ile kompyuta iliyokufa.

Lorine aliiona ile sahani ikifunikwa. Akafungua ukurasa.

"Haiya! Lorine huyu!" Mama Phylis akapaza sauti. "Na huyu si Shirleen? Angalia vile amekuwa mweupe, ni ile baridi. Mama Wamalwa, ona mtoto wako!"

Mama alisogea mpaka pua yake ikakaribia kioo. Akagusa theluji ya Shirleen kwa kidole. Macho yake yakatembea polepole kwenda kwenye kisanduku cha tatu, na kwa kuwa alisoma taratibu, akisukuma kila neno na midomo, chumba kizima kilimsubiri.

"Wa-ma-lwa yuko njiani."

"Ai!" Mama Phylis akasema. "Hata kwa kompyuta yuko njiani?"

Watu wakacheka. Si kwa ubaya, kwa sababu kila mmoja alikuwa na wake wa njiani. Muthama alicheka mpaka akaweka chapati chini. Mama peke yake hakucheka.

"Lorine. Ni nani ameandika hii?"

"Ni mimi, Mama."

"Kompyuta ilikuambia yuko njiani?"

"Hapana. Kompyuta ilisema picha haiko."

"Ilisema lini?"

"Ilisema tangu mwanzo. Mimi ndio sikuiuliza."

"Na ilipokuambia haiko, wewe ukaandika iko njiani." Mama hakupandisha sauti. "Nipigie huyo mtoto. Weka ile sauti ya wote kusikia."

"Mama, mbele ya watu?"

"Watu wamesoma. Piga."

Lorine akapiga, akaiweka simu juu ya meza. Ililia kwa muda, kisha sauti ya Wamalwa ikatoka, changamfu, yenye upepo.

"Mama! Hongera! Niko njiani, nimefika hapa Kisaju. Gari imetusumbua kidogo lakini—"

Nyuma yake mlango wa mabati ukagonga, na sauti ya mwanamke ikasikika wazi kama yuko ndani ya saiba: "Baba Selpha! Chai inapoa, na mtoto amemwaga yake!"

Hakuna aliyecheka sasa. Mama Phylis akaangalia viatu vyake. Mtoto huyo aliitwa Selpha kwa sababu ya nyanyake, na nyanyake alikuwa amesimama pale na kitambaa kipya cha kichwa.

"Wamalwa," akasema Mama.

"Mama, hiyo ni—"

"Hapana, baba. Nisikilize. Shuleni, kila asubuhi kabla sijapima unga, mwalimu wa zamu alikuwa anakuja kwa dirisha la jikoni. Ananiambia, Mama, leo hawa wako kwa michezo, hawa ni wagonjwa, hawa wameitwa nyumbani. Sikuwahi kumkasirikia. Nilipunguza unga, nikaendelea na kazi. Mtoto ambaye hayuko si makosa. Lakini hapa kwangu hakuna mtu amewahi kuja kwa dirisha. Mmeniacha na mwiko mkononi."

Pumzi ya Wamalwa ilisikika kwenye simu, ikiingia na kutoka. Lorine alitaka aseme kitu, chochote, hata uongo mwingine. Kisha sauti ikaja, na ule uchangamfu ulikuwa umetoka wote.

"Mama, sina kazi. Mkataba uliisha mwezi wa nane, hawakuuongeza. Hiyo website siwezi kuigusa, walibadilisha neno la siri. Nilimpa Lorine anwani nikifikiri nitapata mtu wa ndani aniwekee. Sikupata. Na yule mbuzi niliyesema nitakuletea, hakuna mbuzi. Mimi ndio mkubwa. Ningesimamaje hapo mbele ya watu wa kanisa mikono mitupu, na wanakuita kwa jina langu?"

"Wamalwa!" Lorine akalipuka, hakuweza kujizuia. "Wiki nzima! Wiki nzima naambiwa refresh! Si ungesema tu, ningekuwekea hata picha ya shule ya msingi, uko na ile sare ya kaptula—"

"Lorine," akasema Mama.

Mama akainamia simu.

"Unakuja leo, ama hukuji?"

"Mama, labda nikiondoka sasa hivi, nikipata—"

"Unakuja, ama hukuji?"

Nje, kinyozi aliwasha mashine yake, akaizima. Wamalwa akavuta pumzi.

"Sikuji, Mama. Leo siwezi."

Lorine alimwangalia mama yake, akitazamia machozi. Hayakuwepo. Mama alinyoosha mgongo, akamgeukia binti yake, akaonyesha kioo kwa kidevu. "Badilisha hapo. Andika vile amesema." Lorine akavuta kibodi, akafuta yale maneno ya adabu, akaandika mengine: Wamalwa hajaweza kufika leo. Yalikaa vizuri chini ya jina lake. Hayakuonekana matusi hata kidogo. Yalionekana kama salamu.

Kisha Mama akaiendea ile sahani juu ya kompyuta iliyokufa, akaifunua. Mvuke ulipanda bado. Akampa Muthama, ambaye aliipokea kwa mikono miwili na kwa mara ya kwanza hakuwa na maoni.

"Mama?" simu ikaita. "Mama, umekasirika?"

"Nimekuambia asante?"

"Asante ya nini, Mama? Nimekuambia sikuji!"

"Ndio maana nasema asante." Mama akavuta kiti, akaketi, akaweka sahani yake mwenyewe mapajani na kukata chapati. "Miaka yote hiyo nilikuwa nataka kitu kimoja tu, na sikujua kukiomba. Nilitaka yule ambaye hawezi kufika aniambie hawezi, ndio na mimi nile chakula kikiwa moto."